Ngiri ya Marijani

Bwana Mshauri mpendwa,

Baada ya salamu naomba msaada wako, maana wiki ya tano hii sikai nikatulia, nikianza kufua naacha, nikiinjika chungu nakisahau. Mie ni mke wa Marijani, kuli wa bandarini, tunakaa Temeke, na mume wangu anasifika kwa kubeba magunia mawili kwa mpigo, ila kwa miaka minne alikuwa na ngiri, uvimbe kinenani, ukitoka analala chali anaurudisha kwa mkono, na aliniapisha nisimwambie mtu, hata ndugu yake wa tumbo moja, kwani kuli mwenye ngiri hapewi kazi na wenziwe humcheka.

Jumanne moja asubuhi uvimbe ukatoka ukakataa kurudi, ukawa mgumu kama jiwe, ukiugusa anaruka, akaanza kutapika, choo hapati wala upepo hautoki, akaniambia, "Tunu, mtu akiuliza, sema homa." Nikasema homa. Shomari mdogo wake akaja na vidonge vya kwinini, nikamwambia, "Shemeji, amelala, rudi kesho," na huku namsikia mume wangu chumbani anang'ata mto. Tena nikampa mafuta ya mbarika ili tumbo lifunguke, ndiyo kwanza akatapika zaidi. Kesho yake adhuhuri tumbo limejaa kama ngoma, matapishi yananuka kinyesi, nikatoka mbio kanga imenidondoka begani mpaka kwa Shomari, nikamwambia yote. Tukampakia kwenye lori la nazi hadi hospitali, daktari akampasua akakata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa.

Amepona, yuko nyumbani, lakini chakula nikipika mie hali, na kauli yake ni moja: "Umenivua nguo mbele ya watu."

Sasa juzi jirani yetu Auleria, aliyetoka Bukoba, kaniita uani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Tunu, ya mumeo ilianzaje?" Kumbe mumewe Projestus, kuli vilevile, ana uvimbe kama ule na hataki usemwe. Kabla sijajibu Marijani akatusikia dirishani, akasema nikifungua mdomo tena nirudi kwetu Kimbiji. Bwana Mshauri, nimekwisha kuvunja kiapo kimoja, je, niseme tena au ninyamaze?

Tunu, Temeke

* * *

Bibi Tunu,

Barua yako imenifikia baada ya siku sita, na utumbo haungoji gazeti. Jitande kanga ukamwone Auleria, mengine utayasoma ukirudi.

Pole sana. Mie nilikuwa dresa, mfunga vidonda wodini, miaka kumi na mmoja kabla ya kushika kalamu, na nimewafunika shuka wanaume kadhaa walioletwa na "homa" ya namna hiyo. Kwa hiyo nakugombeza. Mafuta ya mbarika! Njia imezibwa, nawe unasukuma kutoka nyuma? Tumbo linalouma na kutapika bila choo haliharishwi, halikandwi, halilishwi. Linapelekwa hospitali saa ileile.

Mwambie Auleria hivi: maadamu uvimbe bado unarudi, Projestus ana nafasi ya kwenda kwa daktari kwa miguu yake akapangiwe siku ya kupasuliwa. Aende wiki hii. Ukikataa kurudi, ukawa mgumu na kuuma, au akaanza kutapika, asiusukume kwa nguvu, asile, asinywe, apakiwe kwenye chochote chenye magurudumu. Akisema homa, asisadikiwe.

Bwana Marijani, najua utasomewa haya. Mkeo hakukuvua nguo, alikuvua sanda. Usinyanyue gunia mpaka daktari akuruhusu, omba kazi ya kushona magunia yaliyopasuka. Na wenzako wanaocheka, waulize wangapi kati yao wanalala chali kila jioni wakiurudisha uvimbe kwa mkono.

Habari ya kiapo, bibi, kamuulize shehe wa mtaa wenu, atakwambia kafara yake. Mie najua la tumbo. Uliapa kutunza siri ya mumeo, hukuapa kumzika.

Ila siku ile nzima uliyomrudisha Shomari mlangoni, hiyo ni yako. Kaa na mumeo umwombe radhi kwa kunyamaza. Kwa kusema, usimwombe, hata akinuna mpaka Ramadhani iandame.

Na chakula endelea kumpakulia. Mtu aliyekatwa utumbo akashonwa, njaa itamrudisha mkekani kula kabla ulimi wake haujakubali.