Kamera Barazani kwa Bibi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na mpishi wa kambini kwenu ameacha kuwapikia wali wenye mawe. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu zaidi, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika hilo neno "zaidi".

Kabla ya habari nyingine, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku pampu ya maji ya Bibi ilipoibwa, mimi nilifurahi. Si kwamba nawapenda wezi. Ila Mama alisema Bibi asibaki peke yake, nije nikae naye likizo nzima, na hivyo nikaepuka masomo ya ziada, ambako mwalimu humwita mtu mbele ya darasa aeleze alichoelewa. Unanijua, Baba. Kuandika naandika hadi kalamu ichoke, lakini nikisimamishwa mbele za watu, ulimi unagoma kama punda. Nilipanga vitabu vyangu kwenye mfuko huku nikiimba.

Furaha hiyo haikufika mbali. Jioni ileile Baba Mkubwa alipiga simu, akasema mwizi aliyeingia mara moja ataingia tena, na kwamba mama yake atahamia kwake ghorofani, chumba kiko tayari, hata pazia limeshatundikwa. Bibi alimjibu kwamba yeye si kabati la kubebwa na watu wawili. Akamwambia ana vichwa vya watu vinavyomsubiri. Ni kweli, maana tangu nipate akili sijawahi kuliona baraza hili bila mwanamke aliyekaa chini na Bibi nyuma yake, kitana mkononi, akimsuka na kumsikiliza mambo ya nyumbani kwake. Nilimuuliza ghorofani angemsuka nani. Akasema labda lifti.

Walivutana sana, mwishowe Baba Mkubwa akalegeza. Alisema tufunge kwanza kamera ya nje, ya bei ambayo haitamtoa machozi, na niichague mimi kwa kuwa ndiye msomaji wa ukoo. Lakini aliweka sharti kwamba asipotulia moyo, anakuja na pikapu, na safari hiyo hataki mjadala.

Basi nilisoma, Baba. Nilisoma maelezo ya kamera kuliko nilivyosomea mtihani. Dukani muuzaji alitaka kutuuzia seti kubwa ya kamera nane, na sanduku la kurekodia, na waya wa kuzunguka nyumba kama mtego wa samaki. Bibi alimuuliza kama anadhani tunaishi benki. Mimi, kwa sauti ambayo muuzaji alilazimika kuinama ili aisikie, nilimwambia kwamba umeme wa kwetu hukatika ovyo, kwa hiyo tunataka yenye betri na paneli ndogo ya sola. Tena iwe inatumia laini ya simu kwa sababu Bibi hana intaneti ya waya, na itunze picha kwenye kadi yake yenyewe tusije tukalipia kila mwezi. Nikaongeza kwamba isiogope mvua, ione gizani, na iweze kutofautisha mtu na paka. Muuzaji alinitazama, akamtazama Bibi, akamuuliza huyu mtoto ni wa nani. Bibi akasema ni wake, tena anacho kingine cha kusema ila ana aibu.

Kilichobaki kusema kilikuwa kwamba apunguze bei. Bibi alikisema yeye.

Palikuwa pia na kamera ya bandia, ganda tupu lenye kitaa chekundu, ya kutisha tu. Bibi aliipenda mno. Alisema hiyo ndiyo kamera yenye adabu, inamtisha mwizi na haimchunguzi mwenye nyumba. Nilimtoa pale kwa kumshika mkono.

Hapo ndipo nilipokosea. Maelekezo yalisema wazi kwamba kamera ielekezwe pale anapoingilia mwizi. Mwizi wetu alipita nyuma, penye tundu la ukuta ulioporomoka nyakati za mvua. Lakini Baba Mkubwa aliagiza ielekezwe barazani, ili awe anamwona mama yake kwenye simu huku yeye yuko ofisini. Niliona si sawa, nikajibu ndiyo Baba Mkubwa. Bibi alinishikia ngazi, mimi nikaifunga, ikamtazama Bibi usoni.

Asubuhi yake alitoka, akasimama mbele ya kamera, akaniuliza kama mwanawe yumo humo anatazama. Nilisema huenda. Akangoja. Alingoja hadi chai ikapoa, kisha akaomba simu. Alimwambia Baba Mkubwa kwamba amekuwa akimtazama tangu alfajiri kama ng'ombe wa mnadani, na shikamoo hajamwamkia. Kwani yeye ndiye aliyemzaa, au mwanawe amemnunua? Maskini Baba Mkubwa alikuwa kikaoni. Tukamsikia akinong'ona shikamoo Mama, na wenzake wakicheka nyuma yake. Tangu siku hiyo akawa anapiga kila asubuhi kabla Bibi hajatoka mlangoni.

Hilo lilituchekesha. La pili halikutuchekesha. Wateja walikoma kuja. Wa kwanza kuiona kamera alikuwa mwalimu wa chekechea, kichwa upande mmoja kimesukwa na upande mwingine nywele zimesimama wima. Aliuliza nani anaangalia huko. Bibi, bila kufikiri, akasema mwanangu, yuko ofisini na wenzake. Mwalimu alijifunika mtandio akakimbilia jikoni, na ikabidi amaliziwe humo, kwenye moshi. Habari zilienea. Wote waliofuata walikataa baraza, na kwa kuwa hata kijia cha kutoka getini kinaonekana kwenye kamera, wakaanza kupitia nyuma. Baba, walikuwa wanaingilia kwenye lile tundu la mwizi! Wanawake wazima, wengine na watoto mgongoni, wanainama, wanavutana mikono, wanacheka, na kila mmoja anaangusha tofali lingine. Tundu lilikuwa la kupita mtu mwembamba. Sasa angepita hata mwizi mwenye kitanda.

Na kule ofisini Baba Mkubwa alikuwa anaona baraza tupu siku nzima. Hamwoni mama yake, haoni mgeni. Akapiga akisema sasa ameelewa, mama ni mgonjwa na anamficha, tena watu wamemtupa. Jumamosi anakuja na pikapu. Bibi alikata simu. Alikaa jikoni, akaanza kukunjakunja uzi wa kusukia ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

Baba, sasa nafika kwenye sababu ya barua hii. Baba Mkubwa atakupigia, na ningependa ulisikie kwangu kwanza. Kamera niliigeuza mimi. Sikumwomba ruhusa yeye wala Bibi. Niliitoa barazani, nikaifunga kwa waya kwenye nguzo ya tangi la maji, ikielekea ukuta wa nyuma na tundu lake. Kiti cha Bibi hakionekani tena.

Simu haikuchelewa. Baba Mkubwa aliuliza kwa nini anaona ukuta na kuku, je, upepo umeisukuma? Bibi alinikonyeza kwa nguvu, akanong'ona sema upepo, sema upepo. Nikasema si upepo, Baba Mkubwa, ni mimi. Nikamwambia kwamba tumemchunga Bibi badala ya kumvizia mwizi, kwamba watu hawajamtupa, ila hakuna anayetaka kuonwa na ofisi nzima akiwa nusu kichwa. Nikasema akitaka kumwona mama yake aje, akitaka kumsikia apige simu. Sijui maneno yale yalitoka wapi, na sikuweza kuyazuia. Akasema Jumamosi iko palepale. Bibi akaniambia nimepewa upepo bure nikaukataa.

Baba Mkubwa alikuja, na pikapu na kamba. Alimkuta Bibi barazani akimsuka yuleyule mwalimu. Bibi hakuinuka. Alipokea shikamoo yake, akamwambia kichwa cha mtu hakiachwi njiani, achukue kigoda angoje. Wakaja wengine wawili, kwa getini safari hii, wakakaa. Baba Mkubwa akapewa uzi ashike. Aliushika mchana kutwa, Baba, na suti yake, huku akisimuliwa mambo ya waume za watu, na mara mbili nilimwona akigeuka ukutani kuficha kicheko. Jioni alizunguka nyuma, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu, akampigia fundi mwashi. Kisha akaniambia kamera ibaki pale ilipo. Akasema pia nimemjibu vibaya, lakini nimemjibu ukweli, na hajui anikasirikie lipi. Pikapu ilirudi na kamba zake.

Naomba akikupigia usimwambie nililia baada ya simu ile.

Mama anauliza utapata lini likizo. Wasalimu wenzako wote wa kambini, na mpishi pia. Alipoondoka Baba Mkubwa nilichukua ngazi, nikatoa ule waya kwenye nguzo, nikaifunga kamera palepale kwa skrubu. Nikashuka, nikafagia nywele barazani, nikaenda kulala.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Miwani