Mti wa Mkoko Chini ya Gari

Kibiti, Ijumaa, Mfungo Tano

Mjukuu wangu Hamisi,

Mimi bibi yako kwa ukoo tu, maana bado nasoma na wewe umenizidi umri, nakusalimu. Nyumbani wazima. Umeuliza kwa nini kaka yangu Salumu ameacha ufundi wa magari, nitakueleza yote.

Tajiri mmoja alitaka gari lake la mashindano liinuke nyuma, lipite mchangani. Kaka akahamisha vishikizo vya shokomzoba, zile za kuzuia mtikisiko, akavikaza juu ya vipande vya mkoko mbichi.

Nilipomuuliza kama mti utafaa, akanijibu: "Mti huu husimama baharini miaka yote, mdogo wangu. Utashindwa na gari?"

Siku ya mashindano mkoko ukakaushwa na joto la bomba la moshi, ukapasuka. Gari likapinduka na tajiri ndani. Tajiri hawezi kusimama hata leo.

Kaka hataki kula. Namwogopea.

Wewe uko karakana Dar. Nijibu upesi: umewahi kumwona fundi aliyekosa hivi, kisha akashika tena spana?

Bibi yako,
Mwanahawa