Muhuri wa Ijumaa

Jumanne, 9 Juni

Nimepaka mafuta kufuli za kuonyeshea wateja, kama kila asubuhi. Katikati ya kazi ikaletwa barua ya ofisi ya kodi. Faini. Eti deklarasyo, ile fomu ya kutangaza mauzo ya Aprili, niliipeleka baada ya siku ya mwisho, Ijumaa ya tarehe 15 Mei. Nisipolipa mwezi huu, duka linafungwa. Pesa hiyo sina. Muuza kufuli kufungiwa kufuli: Buyenzi nzima itacheka.

Jumatano, 10 Juni

Nakala yangu nimeipata. Muhuri unasema 18 Mei, Jumatatu. Lakini nilipeleka Ijumaa. Nakumbuka, maana nilitoka pale mbio kumpelekea mume wangu kanzu ya swala aliyoisahau dukani. Nimekasirika asubuhi yote. Mchana nikabaki nashangaa tu. Karatasi imewezaje kufika Jumatatu kabla yangu?

Alhamisi, 11 Juni

Karani wa dirishani amekataa. "Apana, mama. Muhuri iko ya lundi, basi we ulileta lundi." Mpole, anauamini muhuri wake kabisa. Nimeshindwa hata kumchukia.

Njiani nikakumbuka viatu vyake. Ile Ijumaa alinipokea amevaa raba. Mume wangu anasema si ajabu, Ijumaa mchana wafanyakazi wa serikali wanakwenda siporo, mazoezi ya pamoja uwanjani. Najua. Bado raba hizo zinaniwasha.

Ijumaa, 12 Juni

Nimepeleka barua ya kupinga faini, makusudi karibu na saa ya siporo. Kwanza nikasimama pembeni.

Karani akavaa raba. Akafunga kamba. Kisha akachukua muhuri, akazungusha tarehe kwa kidole gumba, ili Jumatatu aukute tayari. Kumbe. Ndipo nikampa barua yangu. Akagonga: 15 Juni.

Nikaipandisha ghorofani kwa shefu, mkuu wake, wino haujakauka. Naye alikuwa ameshavaa raba. Akatazama muhuri, akatazama simu yake. "Mama, leo si iko vandredi?"

Nikamwambia ndiyo, kama ile ya Mei. Akaketi.

Ijumaa, 19 Juni

Faini imefutwa. Karani ameleta barua mwenyewe, akielekea uwanjani. Nikaangalia tarehe kwanza. Ya leo.

Hakuondoka. Akataka kufuli ndogo, ya droo. Shefu ameamuru muhuri ufungiwe humo kabla mtu hajavaa raba.

Bei sikumpunguzia. Nimemchagulia iliyo imara, nikaipaka mafuta. Nimempa funguo mbili, moja ya kupoteza.