Milamula ya Mama Koku

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwagilia waridi. Nimefagia ngazi za mawe mpaka chini ziwani. Tumbili wamekula mapapai tena, nimewatukana, wakanitukana. Halafu ripoti ya wiki kwa Mama Koku, mwenye bustani, yuko Bukoba: picha na maelezo, WhatsApp. Bustani hii ya Pasiansi aliipanda marehemu baba yake, hata mama yangu hajazaliwa. Yeye ananiita mtunza bustani. Mimi ni mbunifu wa mandhari. Kidato cha pili niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Na nani Mwanza nzima anakata michongoma kama mimi? Hayupo.

Jumatano, 6 Machi
Kazi ya kufa mtu. Upande wa jirani, Mzee Masanja, kulikuwa na mstari wa mimea mirefu, shina jembamba, majani kama ya mahindi, imepinda huku na huku. Haina tunda. Nimeng'oa yote, nikafukia mashimo, nikabandika nyasi. Huwezi kujua kulikuwa na kitu. Nimemtumia Mama Koku picha, kabla na baada, na kile kikatuni cha mkono wenye msuli.
Ameona.

Alhamisi, 7 Machi
Amepiga asubuhi. Hakugomba. Bora angegomba. "Mwanangu, hiyo ni milamula. Kwetu haiguswi. Ndiyo mpaka."
Kumbe kwa Wahaya mmea ule ndio hakimu. Ulipo, ubishi umekwisha. Mimi Msukuma wa Igogo, ningejuaje? Lakini bando nilikuwa nalo. Ningeuliza. Sikuuliza.
Bikoni za upimaji hakuna. Baba yake na baba yake Masanja walikubaliana kwa miche ile tu. Na Masanja ameshamwaga mawe, anajenga ukuta. Akisogea kidogo tu, ngazi za marehemu zimekwenda. Mashimo nayo nimeyafukia vizuri mno. Ufundi wangu wenyewe. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetafuta mashimo asubuhi nzima. Mvua imenyesha, udongo wote sawa. Mama Koku kaandika: mpaka haupandwi na upande mmoja, kamwite Masanja. Masanja! Ambaye mbuzi wake nawafukuza kwa manati, ambaye nimempa jina Kamishna wa Mbuzi, na analijua.
Nimekwenda. Shikamoo yangu kaiacha inaning'inia kwanza. "Marahaba, profesa wa majani. Mbuzi wangu wamekula nini leo?"
Nimemweleza yote. Nikapiga magoti. Akasema kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Kaja na jembe lake. Mama Koku kwenye simu, anaona kila kitu. Ningekuwa Masanja ningesogeza. Nasema kweli, ningesogeza, nani angejua? Yeye katembea polepole juu ya nyasi zangu, kachomeka kijiti, kingine, kingine. Alikuwa mtoto, ndiye aliyeshika miche baba zao wakipanda. "Dada, ni hapa?" Mama Koku akasema yeye alikuwa mgongoni, hakumbuki, anamwamini.
Tukachimba shimo la kwanza. Chini, jembe likatoa mzizi uliokatika. Palepale kabisa.
Mzee akacheka, akanipiga kofi la kisogo. "Mikono unayo, kijana. Kichwa kinakuja na basi la jioni."
Mashina niliyatupa nyuma ya banda, hayajakauka. Tumeyapanda yote, yeye upande wake, mimi wangu. Mama Koku hajanifukuza. Asante Mungu. Asante na Masanja. Lile jina la mbuzi nimelifuta.

Jumapili, 17 Machi
Manyunyu. Milamula imeshika, isipokuwa mmoja umelala, nimeuegemeza kwa fito. Mafundi wa Masanja wamechimba msingi, upande wao.
Ripoti nimeandika fupi. Mwisho nikauliza: huu mti wenye maua meupe kando ya ngazi unaitwaje, na nani aliuleta? Mama Koku kajibu kwa sauti, ndefu, na vicheko ndani yake. Nimekaa kwenye jabali nasikiliza mpaka mwisho. Nimerudia tena.