Tumbo la Kadzo

Jumatatu, 4 Februari 1985

Kadzo amekufa. Mke wangu. Tumbo. Leo siku ya kumi na nane. Walimpasua, wakamshona, wakasema mpelekeni nyumbani.

Leo kazini, mashimo ya chumvi. Beleshi na jua. Jioni nimepika sima na mchicha mwenyewe. Sima imeungua. Chumvi ya Kadzo imekwisha, nimechota kazini, ya pembeni mwa shimo, bado mbichi. Kikapu chake kilichoning'inia nyuma ya nyumba nimekishusha. Natilia makaa.

Jumamosi, 9 Februari

Tumbo laniendesha. Mara nne, maji matupu. Labda maharagwe ya Karisa, mwenzangu wa shimo. Lakini yeye kala yale yale na hana kitu.

Jumatano, 13 Februari

Bado. Kiungulia mpaka kooni. Tumbo limejaa upepo. Kinywa kichungu.

Kadzo alianza hivi hivi. Kiungulia, kinywa kichungu, halafu choo.

Naogopa.

Ijumaa, 15 Februari

Kazini hakuna choo, ni mikoko tu. Nimekimbia mara sita. Karisa ananiita Bwana Shamba, ati natia mikoko mbolea. Wote wamecheka. Mimi pia. Halafu nimechutama huko mikokoni nikalia.

Nyapara kasema nikae nyumbani mpaka nipone.

Jumatatu, 18 Februari

Malindi, hospitali. Nimepeleka choo changu ndani ya kibiriti, nimekizungushia gazeti. Hakuna minyoo. Hakuna amiba. Hakuna damu. Daktari kaniuliza nakula nini. Nikasema sima, mboga, chai. Kanifundisha maji ya kuchemsha, sukari na chumvi, ninywe kila nikitoka chooni. Nihesabu naenda mara ngapi. Nirudi baada ya wiki mbili.

Habari ya Kadzo sikumwambia. Niliogopa atasema nipasuliwe.

Jumanne, 19 Februari

Mara saba. Nimekunywa birika zima.

Jumatano, 20 Februari

Mara tisa. Nakunywa kama nilivyoambiwa.

Ijumaa, 22 Februari

Sikuhesabu. Nimetoboa tundu jipya kwenye mshipi. Kadzo nilimuuguza mimi. Mimi sina wa kuniuguza.

Jumapili, 24 Februari

Sidi kaja kutoka Kakuyuni. Dada yake Kadzo. Kanikuta nimelala chini, birika kando. Nikamwambia nina ugonjwa wa dada yako. Kaonja maji yangu, katema mlangoni.

"Shemeji, chumvi hii umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Na kikapu cha dada kiko wapi?"

Nikamwonyesha, kimejaa makaa. Kakaa chini kwanza.

"Miaka yote hii hukukiona kikidondosha maji? Dada aliitundika chumvi humo mwezi mzima, uchungu utoke na maji hayo. Hii mbichi hata mbuzi hailambi. Ni dawa ya kuharisha hii, na wewe waipikia, kisha waikoroga unywe."

Nikasema nilidhani uchungu watoka ndani yangu.

Hakucheka. Kamwaga yote. Kanunua ya duka.

Kazini ni mimi niyaachaye marundo ya chumvi yachuruzike kabla ya kupakiwa. Miaka kumi na mbili. Na kile kikapu nilipita chini yake kila asubuhi, nikilalamika chanirowesha bega. Sikumuuliza hata siku moja.

Jumatano, 27 Februari

Mara mbili. Siamini. Hata Kadzo alikuwa na siku nzuri.

Ijumaa, 1 Machi

Mara mbili. Si maji. Usiku nimelala.

Jumatatu, 4 Machi

Hospitali. Leo nimesema yote, ya chumvi na ya Kadzo. Daktari kanibonyeza tumbo lote. Kasema haoni kitu. Nikiona damu, au nikikonda tena, nirudi siku ile ile, nisingoje. Nimeitikia.

Jumanne, 5 Machi

Mara moja, asubuhi. Choo kigumu. Kiungulia kidogo baada ya chai, kimepita.

Karisa kaja na chumvi mbichi niliyomwagiza. Leo hakuniita Bwana Shamba. Nimekiosha kikapu. Makaa yametoka, weusi umebaki. Nimetia chumvi ile ndani, nimekitundika pale pale.

Chadondosha. Nimesimama chini yake kidogo.

Kesho narudi kazini.