Jiwe la Kusagia Limo Mashuani

Mama Zakia,

Maharage yako jikoni. Usiyatie chumvi, nimetia mara mbili. Shati langu linachuruzika mlangoni, liache hapo hapo. Najua utauliza, basi bora usikie kwangu kabla hujafika sokoni Kirumba.

Asubuhi nimepindua mashua. Nilirefusha mlingoti mikono miwili na kutoa mawe yote ya chini ili iwe nyepesi, nimshinde Mbaruku kwenye mashindano ya Uhuru. Ulinikataza. Nikakujibu kwamba nimekuwa seremala kwa miaka kumi na minane. Ni kweli, wa makabati. Upepo ulipolijaza tanga, mashua ililala ubavu hatua ishirini tu kutoka nchi kavu, na wanawake waliokuwa wakifua wakanivuta kwa kola. Mmoja aliuliza kama nisuuzwe tena.

Sasa nimeufupisha mlingoti, nimerudisha mawe, na nimefunga madebe matupu mawili ndani yasaidie kuelea. Naenda kuijaribu ~~mpaka Sengerema~~ mpaka jabali la kwanza, kisha narudi.

Jiwe moja lilipungua. Nimechukua lako la kusagia, lile la marehemu mama yako. Usipige kelele kwanza, nisikilize. Mimi nikizama utalia, utanisamehe. Jiwe hilo likizama, hata nikiokolewa sina nyumba ya kurudi. Kwa hiyo leo nitaendesha kwa adabu.

Baba Zakia