Mtoto wa Kui

Jumatatu, 2 Februari

Wiki ya tano. Sauti imeniisha tena. Watoto ishirini na watatu, na kila mmoja analia kwa lugha ya kwao! Wakamba, Wakikuyu wa maduka ya barabarani, Wamasai wa upande wa Loitokitok, Hodan wa duka la vitambaa, na pacha wawili kutoka Tanzania ambao hunirekebisha Kiswahili mbele ya wote. Nikisema kaeni chini, wanakaa saba. Lemayian, mkubwa wao, huwachunga waliobaki kwa rula.

Ubao wa getini unasema International. Madam Kagure, mwenye shule, amechoresha bendera sita ukutani, na moja hakuna anayejua ni ya nchi gani. Leo ameniambia tuanze kila siku kwa salamu za Kifaransa. Sijui Kifaransa! Nikatingisha kichwa — sawa, Madam. Mimi hutingisha kichwa tu. Miaka minne ya sekondari nimeinua mkono darasani labda mara mbili.

Shangazi Kaluki, ninayeishi kwake hapa Emali, anasema kazi ya watoto wadogo ni rahisi, unawaimbia tu. Aje aimbe.

Jumanne, 3 Februari

Kui. Ana miaka minne na huongea kama mwenyekiti wa chama cha akina mama. Wakati wa uji amewaambia wenzake kwamba ana mtoto, kwamba mtoto wake anaendesha lori, ameenda Uganda na hapigi simu. Darasa zima likacheka. Ndeti akasema mtoto hawezi kuwa na mtoto. Kui akammwagia uji. Kikombe kizima, kichwani!

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia Kui aache uongo. Hakulia. Aligeuza kiti, akatazama ukuta wa bendera mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Jioni, nikimsaidia shangazi kuchambua ndengu, ndipo nikakumbuka. Aibu ikanishika. Kui amepewa jina la nyanya yake, mama ya babake. Kwa hivyo babake humwita mama, naye Kui humwita mtoto wangu. Hata kwetu ni hivyo! Baba huniita mwaitu, mama yangu, tangu nizaliwe, kwa sababu mimi ni Mbinya wa nyanya. Nikipiga simu nyumbani Kwa Vonza huuliza, "Mwaitu, umekula?" Na ni mimi nimemwita mtoto wa watu mwongo.

Jumatano, 4 Februari

Nimemwomba Kui msamaha. Akasema, "Sawa, lakini usirudie."

Kisha balaa. Saa ya kutoka alikuja mwanamke mwenye sauti kubwa, akasema ametumwa kumchukua Ndeti. Nikatingisha kichwa. Dakika ishirini baadaye akaja mama Ndeti — mtoto yuko wapi? Sikuweza hata kusema yule mwanamke alivaa nini. Mama Ndeti alipiga nduru mpaka mafundi wa pikipiki wakavuka barabara. Mtoto alipatikana karibu na stesheni, kibandani kwa shangazi yake, anakula mandazi. Mama yake na huyo shangazi hawaongei tangu Desemba. Ningejuaje? Ningeuliza, ndivyo ningejua.

Madam aliniita ofisini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mbinya, kusema hapana kunakuuma wapi?"

Akasema nikitoa mtoto hivyo mara nyingine nirudi Kwa Vonza, na ile barua aliyoniahidi ya kuniombea nafasi chuo cha ualimu niisahau. Nakitaka kile chuo. Sijamwambia mtu vile nakitaka.

Ijumaa, 6 Februari

Sasa kuna kadi. Kila mzazi aandike majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Hakuna jina, hakuna mtoto — hata akija malaika, Madam amesema.

Wazazi wamenung'unika asubuhi yote, na wamenung'unikia nani? Mimi. Babake Lemayian ameandika majina kumi na manne, akaomba kadi nyingine. Mama mmoja akaniuliza kama watoto siku hizi wanatolewa kama mizigo. Nikatingisha kichwa. Sijui hata nilikuwa nakubali nini.

Gakenia, mama yake Kui, anayeuza mitumba sokoni, aliandika jina moja tu. Lake. Halafu akapiga mstari juu ya nafasi zilizobaki, kwa nguvu, mpaka kalamu ikatoboa kadi. Nilitaka kuuliza. Sikuuliza.

Jumanne, 10 Februari

Ndeti ameuma watu watatu. Kifaransa kimewashinda, na mimi pia. Kui ameniambia mtoto wake bado hajapiga simu, na kwamba atamchapa. Nimefika nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika darasani, kwenye meza ya watoto, magoti yamenigusa kidevu. Saa saba na robo. Wengine wote wameenda.

Saa sita na nusu Mutisya, mlinzi, alipiga kelele kutoka getini akicheka: "Ticha! Mtoto wa Kui amefika!"

Kui alishaondoka mbio. Mwanamume mrefu, shati lina mafuta, alichuchumaa kwenye vumbi. Akasema, "Mami." Kui akasema, "Mtoto wangu," akamshika masikio yote mawili kana kwamba anakagua kama ni yeye. Hakuna mtu angeona hivyo akasema si babake.

Akanisalimia vizuri. Anaitwa Gathua. Ametoka Malaba mpakani, lori liko pale barabarani. Anataka kumpeleka mtoto akule chipsi, basi, nusu saa amrudishe.

"Jina lako halimo kwenye kadi."

"Kadi gani tena?"

Nikamwonyesha. Aliangalia ule mstari, akapitisha kidole penye shimo.

"Huyo ni Gakenia kabisa," akasema. Halafu: "Mwalimu, wewe ni msichana mdogo. Nikimbeba mtoto wangu sasa hivi, utanifanya nini?"

Mutisya akaacha kucheka. Akasimama katikati ya geti.

Nikasema, "Hapana."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikarudia. Hapana, siwezi kumtoa, tumngoje mamake. Hiyo hapana nilikuwa nimeitafuta wiki nzima — na nimempa huyu! Yule mwanamke wa mandazi alipata ndiyo.

Madam ameenda mji wa Wote, hashiki simu. Gakenia nimempigia mara sita, mteja hapatikani. Nimemtumia ujumbe.

Gathua angeweza kunisukuma. Hakunisukuma. Kui alimvuta suruali: "Keti. Umekula?" Sasa ameketi kwenye kiti cha mtoto, ameangalia ukuta wa bendera. Kui amempa nusu ya chapati kutoka kwenye kopo lake na anamgombeza. Kwa nini hukupiga simu? Huko Uganda hakuna simu? Anajibu, "Nilipiga, mami. Nilipiga sana." Anatafuna polepole. Hajageuka hata kidogo, na mimi sitaki ageuke.

Kui ameniuliza: "Ticha, mtoto wangu hana kadi?"

Nimemwambia hana.

Nilipoinua macho alikuwa ameitoa kadi yake kwenye kopo langu la kadi na kuchukua krayoni nyekundu. Nilipaswa kumnyang'anya. Amechora mtu juu ya ule mstari wa mamake, mtu mwenye mikono mirefu, na chini badala ya miguu amemwekea magurudumu. Anaileta.

"Sasa anayo."

Simu inalia. Ni Gakenia. Gathua amesimama, na Kui amemshika mkono, wote wawili wananitazama mimi. Naweka kalamu chini, napokea.